Kuyavusha Maua Majira ya Baridi

Usiku mmoja wa Oktoba kipimajoto cha Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, hushuka chini ya sifuri kwa saa mbili tatu tu, na asubuhi vikapu vya maua vilivyokuwa vikining'inia barazani tangu Mei huwa havitambuliki. Impatiensi ndiyo inayotangulia. Shina lake karibu lote ni maji, kwa hiyo jalidi ikilipiga tu, majani hubadilika rangi, hulainika na kulala ukingoni mwa kikapu kama mchicha ulioepuliwa sasa hivi. Begonia hufuata. Fushia hupukutisha majani, ila matawi yake magumu hubaki yamesimama. Pelagoniamu, ambayo watu wengi huiita jeraniamu, huweza kuponea chupuchupu ikiwa imeegemea ukuta wa matofali ulioota jua mchana kutwa. Jalidi ya wiki ya pili haiiachi.

Kinachoua ni barafu. Maji yaliyo nje ya seli huganda kwanza, kisha barafu hiyo huyavuta maji ya ndani. Seli hunywea na utando wake huchanika. Jua likichomoza barafu huyeyuka, maji yanavuja, na mmea hauna tena cha kuyazuia. Miti ya nchi za baridi hujiandaa wiki kadhaa kabla, mara siku zinapoanza kufupika: huacha kukua na kulimbikiza sukari ndani ya seli zake. Maua ya vikapuni hayana maandalizi hayo, maana huko yalikotoka hayakuwa na haja nayo.

Vibandiko vya madukani huyaita maua ya msimu mmoja. Si kweli, au tuseme ni kweli kwa dukani tu. Impatiensi ni mmea wa misitu yenye unyevu kuanzia Kenya hadi Msumbiji, huota kivulini kandokando ya vijito na huishi miaka. Ulaya iliifahamu kupitia Unguja: John Kirk, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza kisiwani humo, aliipeleka bustani ya Kew, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akalipa ua hilo jina la heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash bin Said. Baadaye wataalamu waligundua kuwa ni mmea uleule ambao Hooker mwenyewe alikwisha kuupa jina mwaka 1868, kwa heshima ya mmisionari Horace Waller. Sheria ya majina ya mimea hulipa nguvu jina lililotangulia, basi Sultani akanyang'anywa ua lake na makaratasi. Mmea wenyewe ulikuwa mrefu na wenye kutawanyika, mpaka Claude Hope, Mmarekani aliyehamia Costa Rica, alipozalisha aina fupi zilizojaa maua katika miaka ya 1960. Hizo ndizo zilizoingia vikapuni.

Wenzake nao wametoka mbali. Pelagoniamu ni za Afrika Kusini, nchi ya jua kali na miezi mikavu. Mtunza bustani John Tradescant aliotesha moja Uingereza mwaka 1631, na ile inayotambaa, yenye majani manene yanayong'aa, ilifika Uholanzi mwaka 1700. Fushia ya kwanza kuandikwa vitabuni ilionwa na padri Mfaransa Charles Plumier katika kisiwa cha Hispaniola. Begonia za viazi zilichukuliwa kutoka milima ya Andes katika miaka ya 1860 na Richard Pearce, aliyetumwa na kampuni ya miche ya Veitch. Kwa hiyo kikapu kimoja cha barazani ni mkusanyiko wa wageni kutoka mabara mawili, na ikifika Oktoba kila mgeni anadai hifadhi ya namna yake.

Matajiri wa Ulaya walidhani hifadhi hiyo ni suala la joto. Jumba la michungwa la Versailles, lililojengwa na Jules Hardouin-Mansart kati ya 1684 na 1686, lina kuta nene kupindukia na madirisha makubwa yanayoelekea kusini. Michungwa ilivuka baridi mle bila shida, kwa sababu mchungwa unaweza kusinzia miezi mitano kwenye mwanga hafifu. Maua ni kesi nyingine. Yalitaka paa la kioo, na Uingereza kioo kilitozwa kodi hadi mwaka 1845. Kodi ilipofutwa, nyumba za kioo zikazagaa, zikipashwa joto kwa makaa ya mawe, na vijana wa bustani walilala vyumba vya karibu ili waamke usiku kuchochea moto.

Kilele cha mambo hayo kilikuwa Chatsworth, katika jimbo la Derbyshire, ambako Joseph Paxton alimaliza nyumba ya kioo mwaka 1841 kwa ajili ya Duke wa Devonshire, hata kabla kodi haijaondolewa. Boila nane zilifichwa chini ya ardhi, na makaa yaliletwa kwa reli ndogo iliyopita kwenye handaki ili wageni wasione moshi wala vumbi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, makaa yakaadimika, watumishi wakaenda vitani, na mimea ya kitropiki iliyokuwa mle ikafa kwa baridi. Mwaka 1920 nyumba nzima ikabomolewa kwa baruti.

Joto, basi, lilinunulika maadamu kuna fedha. Mwanga haukununulika. London, katikati ya Desemba, siku haifiki saa nane za mwanga, na hata huo ni wa jua lililolala upeoni nyuma ya mawingu. Mmea uliowekwa sebuleni penye joto la nyuzi 20 hupokea amri mbili zinazopingana: joto linauambia ukue, giza linaunyima chakula cha kukulia. Matokeo yake ni mashina marefu, meupe, yenye majani machache ncha zake tu, halafu vidukari na nzi weupe huyavamia kwa furaha. Watu wengi wanaopoteza maua yao majira ya baridi hawayapotezi kwa baridi. Huyapoteza kwa wema: chumba chenye joto, maji kila Jumamosi, mbolea kidogo ya kumchangamsha mgonjwa. Anayefaulu ni yule aliye tayari kuyanyima.

Pelagoniamu ndiyo inayokubali kunyimwa kuliko zote. Shina lake nene huhifadhi maji, na kwao Rasi ya Tumaini Jema kukaa miezi bila mvua si habari. Familia za mashambani katikati mwa Marekani zilikuwa na desturi ya kuing'oa kabla ya jalidi, kukung'uta udongo wote mizizini, na kuitundika kichwa chini kwenye boriti za ghala lililo chini ya nyumba. Wengine huitia kwenye mifuko ya karatasi. Majani hukauka na kudondoka, mashina hukunjamana kidogo. Mara moja kwa mwezi hivi mizizi hulowekwa majini saa moja au mbili, kisha hurudishwa boritini. Machi, kila shina hukatwa hadi kwenye sehemu ngumu yenye ukijani, mmea unapandwa upya, na baada ya majuma machache machipukizi hutoka kwenye vifundo ambavyo mtu angeapa vimekufa.

Desturi hiyo ilifanya kazi kwa sababu ya nyumba zenyewe. Ghala la zamani lilikuwa na sakafu ya udongo, unyevunyevu, na nyuzi joto kati ya 7 na 10 majira yote ya baridi. Leo mahali palepale pana zege, mashine ya kupashia nyumba joto, na hewa kavu. Pelagoniamu ikitundikwa humo hukauka moja kwa moja, na ndiyo maana wapo wanaoapa kuwa mbinu ya bibi ni uongo.

Wasio na ghala hukata vipandikizi. Wakati wake ni Agosti au mapema Septemba, mmea ukiwa bado na nguvu. Ncha ya shina yenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 hukatwa kwa kisu kikali chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini huondolewa, pamoja na vile vijani vidogo vya ngozi vilivyo kwenye kifundo, maana huoza mapema. Maua yote hukatwa hata kama ni mazuri kiasi gani. Kipandikizi huachwa kijikaushe donda kwa saa kadhaa kabla hakijachomekwa kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Hakifunikwi kwa nailoni. Hapa wakulima wa maua hukosana na vitabu vya jumla, ambavyo huagiza vipandikizi vyote vifunikwe ili visipoteze maji. Pelagoniamu ikifunikwa shina hugeuka jeusi kuanzia chini na kufa ndani ya siku chache. Baada ya hapo ni dirisha lenye mwanga, chumba kisichoshuka chini ya nyuzi 5, na maji kwa kijiko.

Begonia ya viazi haina haja ya dirisha kabisa, na kwa mtu mwenye nyumba ndogo hiyo ndiyo thamani yake kubwa. Jalidi nyepesi ikishaunguza majani, kiazi hufukuliwa pamoja na bonge la udongo na kuwekwa mahali pakavu. Kinachofuata ni kungoja. Baada ya wiki moja au mbili shina huachia lenyewe, linadondoka na kuacha kovu safi la mviringo juu ya kiazi. Anayelinyofoa kwa nguvu huacha kipande cha shina kilicholoa, nacho huoza na kushuka na kiazi chote. Udongo uliokauka husuguliwa kwa vidole, viazi hupangwa sandukuni ndani ya vumbi la mbao au mboji kavu, visigusane, na sanduku hukaa mahali pa nyuzi joto 7 hadi 10. Februari au Machi vijicho vya waridi huonekana kwenye upande ulio na kishimo. Upande huo ndio wa juu. Maelfu ya begonia zimepandwa kichwa chini kwa sababu kishimo kile humdanganya mtu adhani ni mahali pa mizizi. Na hata zilizopandwa sawasawa, maji yakituama kishimoni, kazi yote ya majira ya baridi huoza kwa juma moja.

Fushia ni kichaka cha mbao, na huvushwa kwa kupunguzwa nusu, kupukutishwa majani na kuwekwa gizani mahali pasipoganda, udongo ukiachwa na unyevu kidogo sana. Wapenzi wa fushia wa Ujerumani wana njia nyingine inayomshangaza mgeni: huizika. Handaki la kina cha nusu mita au zaidi huchimbwa mahali pasipotuama maji, mimea iliyokatwa hulazwa ubavu juu ya majani makavu au nyasi, hufunikwa kwa nyasi nyingine, kisha udongo hurudishwa na kushindiliwa. Ardhi ya kina hicho haifikiwi na jalidi kwa urahisi. Mwezi wa Aprili hufukuliwa. Tawi linaloonekana kuni tupu hukwanguliwa kwa ukucha: chini ya ganda pakiwa kijani, mmea u hai.

Si kila kitu kinastahili taabu hiyo. Petunia, ukiacha upenzi wa mtu na ua lake, haifai. Aina zinazotambaa, kama Surfinia ambayo kampuni ya Kijapani ya Suntory iliiingiza sokoni mwaka 1989, huweza kuvushwa kwenye dirisha baridi, lakini hutoka Machi zikiwa nyembamba, zenye kunata, na mara nyingi zimebeba virusi na vidukari vya kuambukiza kila jirani yake. Na mwanga wa dirisha usipotosha, mche mpya una bei ndogo kuliko umeme wa taa wa kuzidumisha.

Impatiensi ina mushkeli mkubwa zaidi. Kipandikizi chake hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji dirishani jikoni kwa muda mfupi, jambo linalowafurahisha watoto, na kwa miaka mingi hiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuivusha. Kisha ukaja ubwiri unyoya. Ugonjwa huo ulisambaa Uingereza mwaka 2003 na kuyafagia maua ya bustani za Marekani kati ya 2011 na 2012: majani hupauka, unga mweupe hutokea upande wa chini, na baada ya siku chache kikapu hubaki vijiti. Mbegu za kimelea cha ugonjwa huo hubaki kwenye mabaki ya mmea na kwenye udongo. Aliyehifadhi impatiensi ya mwaka jana huenda amehifadhi na ugonjwa wake. Kuanzia 2020 hivi aina zenye ukinzani zimeingia madukani, zikiwemo Beacon na Imara, na pengine hizo ndizo pekee za kufikiria.

Huko Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako pelagoniamu za roshani ni sehemu ya sura ya kijiji, kazi hii imegawanywa. Vitalu vingi hupokea mimea ya wateja Oktoba, huihifadhi kwenye nyumba za kioo zenye ubaridi wa kiasi, huitibu ikiugua na kuirudisha Mei, kwa malipo yanayokadiriwa kwa ukubwa wa chungu. Mei hiyo ina kalenda yake. Watunza bustani hawatoi vikapu nje kabla ya sikukuu za watakatifu wa barafu, Mamertus, Pankrasi na wenzao, zinazoangukia kati ya tarehe 11 na 15. Bern huwa na soko la jeraniamu mwezi huohuo, mbele ya bunge la Uswisi. Na hata baada ya watakatifu kupita, mimea haitolewi ghafla: siku chache za mwanzo hukaa nje mchana na kurudi ndani usiku, kivulini kwanza, maana jani lililoota gizani huungua kwa jua la saa moja.

Lakini miche mingi inayouzwa kwenye soko kama hilo haikuvuka baridi Ulaya hata kidogo. Hapa ndipo biashara ilipolimaliza tatizo la mwanga ambalo Paxton na boila zake hawakuliweza. Kipandikizi hukatwa kutoka kwa mmea mama, na mmea mama unapaswa kuwa katika nguvu zake Desemba na Januari, miezi ambayo nyumba ya kioo ya Uholanzi huhitaji gesi na taa usiku na mchana. Kwenye ikweta siku ina saa 12 za mwanga mwaka mzima, na nyanda za juu zina usiku wa baridi ya wastani usiohitaji moshi wala bomba. Kwa hiyo mimea mama imehamishiwa Juja na maeneo ya Thika nchini Kenya, ufukoni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na Koka nchini Ethiopia. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, hukata ncha zilezile za sentimita chache, huzihesabu kwenye vifuko vidogo, na vifuko hupakiwa katika maboksi yenye ubaridi na kupelekwa uwanja wa ndege usiku huohuo. Vipandikizi hivyo havina mizizi, havina udongo. Mizizi itatoka Ulaya, na Mei vitakuwa kwenye vikapu. Mwaka 2022, gesi ilipopanda bei Ulaya baada ya Urusi kuivamia Ukraine na baadhi ya wakulima wa Uholanzi kuziacha nyumba zao za kioo bila kitu, mpango huo wa kuihamishia mimea kwenye jua ulionekana kuwa na akili zaidi ya siku zote.

Mpango huo una hatari yake pia. Mwaka 2003 vipandikizi vya pelagoniamu kutoka Kenya vilifika Marekani vikiwa na bakteria wa mnyauko, ugonjwa ambao wakulima wa viazi wa Nyandarua wanaufahamu: mmea unanyauka mchana ilhali udongo una maji, na shina likikatwa hutoa ute mweupe. Marekani iliuogopa kwa ajili ya viazi vyake, na ilikuwa imeuweka kwenye orodha ya vimelea vinavyochungwa kwa hofu ya ugaidi wa kibayolojia, kwa hiyo nyumba za miche katika majimbo mengi zikafungiwa na mimea kuteketezwa. Mwaka 2020 ukatokea tena, safari hii kutoka Guatemala. Siku hizi anayeingia banda la pelagoniamu kwenye mashamba haya hubadili koti na viatu, hukanyaga dawa mlangoni, huosha mikono, na hahami banda moja hadi jingine kiholela. Maji hufika kwenye kila chungu kwa mrija wake ili mmea mmoja usimwagie mwenzake maradhi.

Na anayekata vipandikizi nyumbani akumbuke kuwa aina nyingi za kisasa zina mwenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1930 humpa mzalishaji wa mmea mpya haki ya kuzuia wengine kuuzidisha kwa vipandikizi, na haki hiyo hudumu miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Kwa maandishi, haimwachi nje hata mwenye dirisha moja la jikoni. Ulaya ni walegevu zaidi: sheria ya mwaka 1994 huruhusu mtu kuzidisha mmea nyumbani mwake maadamu hauzi. Kuvusha mmea wenyewe, uliokwisha kulipiwa, hakumhusu mtu kokote. Vikwazo hivyo vya vipandikizi ndiyo sababu vyama vya wapenzi wa fushia hung'ang'ania aina za zamani kama 'Swingtime', ya mwaka 1950, nyekundu na nyeupe, inayomwagika vizuri kutoka kikapuni. Haibanwi na haki hizo, wanachama hupeana vijiti vyake bure kwenye mikutano ya Machi, na kijiti kimoja huingia mfukoni bila mtu kuuliza kitu.